Bibi Anaharibu Kompyuta

Msusi alikuja darasani, akaketi mbele ya kompyuta, akaikalia mikono yake. Kweli, aliikalia! Vidole vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima vilikuwa chini ya mapaja, na mwalimu alipomwambia, "Bonyeza tu, dada," akatikisa kichwa.

"Nikiharibu?"

Fundi viatu, kiti cha nyuma, alibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima joto la pasi. Wengine walikodoa macho tu. Na mwalimu naye, jamani, ndiye aliyezidi kuwatisha. Anaandika programu haraka, hakosei hata herufi, inafanya kazi papo hapo, na wanafunzi wanazidi kunywea.

Mwalimu, binti wa watu, alitamani kulia. Meneja wa jengo alishamwambia wazi, mbele ya darasa, kwamba Ijumaa anakuja. Asipoona hata mwanafunzi mmoja anayeiamrisha kompyuta bila kushikwa mkono, chumba kinageuzwa stoo ya viti, na darasa ndiyo basi tena.

Jioni akamlilia bibi yake, mama mzaa mama, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Wanaogopa kuonekana wajinga, bibi."

"Basi watafutie mjinga," bibi akasema. "Mimi nipo, na kazi sina."

Kesho yake bibi akaingia darasani, mkoba kwapani, akajifanya hamjui mwalimu hata kwa sura. Loo, alivyoharibu! Alifungua mabano asiyafunge. Aliiamuru mashine ijumlishe shangazi na viazi. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Mwalimu, imenuna!" akapiga kelele. "Nimeikosea nini?"

Darasa likavunjika mbavu. Fundi viatu akasogea. "Bibi, hujafunga mabano. Hapo mwishoni."

"Nifungie wewe, baba. Mimi macho sina."

Akafunga, wekundu ukatoweka, naye akarudi kwenye kiti chake kifua mbele. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi: bibi akilia "Imenuna!", watu wanakimbilia kumrekebisha. Hata msusi alitoa mkono mmoja kuonyesha kosa, kisha wa pili, kisha akawa anabonyeza mwenyewe bila kujua ameanza lini. Mwalimu aliona, furaha ikamjaa.

Tatizo ni kwamba bibi naye alinogewa. Nyumbani akawa anauliza maswali mpaka chakula kinapoa.

"Bibi, si tulikubaliana ujifanye?"

"Kwani nani amekwambia nimeacha kujifanya?"

Ijumaa meneja akaingia, tumbo mbele, funguo za chumba mkononi. "Haya, nani ananionyesha kitu?"

Msusi akairudisha mikono chini ya mapaja. Bibi ndiye aliyenyanyuka.

"Njoo, mume wangu. Kaa hapa, hii programu nimeiandika mwenyewe. Andika jina lako."

Meneja akaandika. Kompyuta ikajibu: "Karibu, mume wangu. Umechelewa, chai imepoa." Watu wakaangua kicheko, meneja mwenyewe akacheka. Kisha mstari ukajirudia. Ukajirudia tena, na tena, chai ikapoa kioo kizima bila kituo. Meneja akaruka kutoka kwenye kiti.

"Nimefanya nini? Nimeiharibu?"

"Mjukuu wangu, njoo!" bibi akamwita mwalimu. Safari hii hakuwa anajifanya.

"Mjukuu?" Meneja akageuka, kicheko kimemkauka. "Kumbe ni bibi yako! Mmeniona bwege, sivyo? Huyu hahesabiki. Nilitaka mwanafunzi."

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, maana uongo ulikuwa wake. Akanyoosha mkono angalau aizime ile chai.

"Usiguse, mwalimu," msusi akasema. Alikuwa amesimama. "Atasema umetushika mkono."

Akaja, akabonyeza vitufe viwili, mistari ikasimama. Akasoma alichoandika bibi, midomo ikichezacheza.

"Bibi, umeiambia irudie, hukuiambia ikome lini." Akaandika ikome baada ya mara tatu, akaiendesha. Kioo kikawa chekundu.

"Imenuna!" darasa zima likasema.

Msusi akacheka. Alicheka, yeye aliyekuwa akiogopa kuharibu! "Ngojeni, ni mabano tu." Akafunga, akaiendesha tena. Chai ikapoa mara tatu, ikatulia.

Meneja akakitazama kioo, akamtazama msusi. Ndipo mwalimu alipogundua kwamba yule bwana ameificha mikono yake mgongoni.

"Na mtu akitaka chai iwe ya moto?" meneja akauliza, sauti imeshuka.

"Unabadilisha hapo."

"Nikiharibu?"

Msusi akamvutia kiti. Meneja akatafuta pa kuziweka zile funguo, akamkabidhi mwalimu, akaketi taratibu.

"Karibu, kaka," msusi akamwambia. "Ila mikono usiikalie."