Besi Kuukuu ya Anaclet

Ukimwuliza mpiga besi yeyote wa Lubumbashi kwa nini haachi gita lake kuukuu la besi, jiandae kudanganywa. Mmoja atakwambia mti wake ni wa zamani, na mti wa siku hizi ni takataka. Mwingine atasema shingo yake imeshayajua mapito ya vidole. Wa tatu, hasa akishamaliza chupa ya pili, atakuapia kwamba ina roho. Anaclet wa mtaa wa Katuba alikuwa na majibu hayo yote matatu, akiyatoa kulingana na sura ya muulizaji. Yote yalikuwa uongo.

Anaclet alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka thelathini alisimama mbele ya spika kubwa, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye baa za Kipushi, na masikio yake yakaisha polepole kama sabuni. Kwanza walinyamaza ndege, akasema ndege wamehama. Kisha ikanyamaza simu, akasema simu ni mbovu. Alipotimiza miaka hamsini na sita alikuwa anasikia mngurumo tu, na hakuwa tena na kitu cha kulaumu.

Besi ndiyo iliyomwokoa. Ilikuwa ya nyuzi tano, nzito, rangi yake nyeusi imekwanguka pale mkono unapolala. Aliyeinunua, huko Kitwe, ni mwanzilishi wa orkestra aliyoipigia Anaclet, marehemu mume wa Mama Marceline, mwimbaji wao. Mwaka mmoja ilianguka kutoka kwenye lori njiani kwenda Kipushi, ikapasuka mgongoni, na fundi bati wa Katuba akaufunga ule ufa kwa kibati na skrubu nne. Kibati kile kilitetemeka kila uzi ulipoguswa. Mwingine angekichukia. Anaclet alikikaza kwenye mbavu zake, na humo ndimo alimosikia muziki. Uzi wa kwanza ulimtekenya karibu na chuchu, wa tatu ulimgonga ubavu wa mwisho, na uzi wa tano, ule mnene kuliko yote, ulishuka hadi chini ya kitovu ukakaa huko. Akikosea noti, tumbo lilimwambia kabla mwimbaji hajageuka. Watu walimwona amefumba macho, amekumbatia besi, wakasema, tazameni mapenzi hayo.

Mengine aliyasoma mwilini mwa wenzake. Goti la Dan, mpiga ngoma, lilimpa mwendo. Shingo ya Mama Marceline, ambaye sasa ndiye mwenye orkestra, ilimwambia wimbo unapanda lini. Nyumbani, mkewe Edith peke yake ndiye aliyejua. Edith alikuwa akisimama mbele yake, anamshika kidevu, anafungua mdomo wote na kusema polepole bila kutoa sauti, ili majirani wasisikie mwanamume anapigiwa kelele. Miaka sita waliishi hivyo. Anaclet aliamini siri hiyo haitatoka nje ya kitanda chao, na kwa umri wake alipaswa kuwa na akili zaidi.

Basi, mwezi wa tano Mama Marceline alivuka mpaka, akarudi na besi mpya. Nayo ya nyuzi tano, nyekundu, nyepesi, mgongo laini kama shavu. Anaclet aliivaa, akaupiga uzi wa tano kwa nguvu zake zote. Hakuna kitu. Tumbo lilikuwa kimya. Akaivua haraka, jasho likimtoka.

“Hii haina sauti,” akasema.

“Haina sauti?” Zakari akacheka. Zakari alikuwa soliste wa orkestra, mpiga gita la solo, mtoto wa Wamaniema, fundi cherehani mchana, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. “Batu bote banasikia, weye moja njo hausikie?”

“Mzoea punda hapandi farasi,” Anaclet akajitania mwenyewe ili wamwache.

Hawakumwacha. Kila mazoezi yalipoanza, besi nyekundu ilikuwa inamngoja kwenye kiti chake. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba watamnyang'anya ile kuukuu. Bila hiyo asingeweza kupiga hata wimbo wa chekechea, na asipopiga yeye ni nani? Katuba nzima walimwita Papa Basse, Baba Besi. Hata padri alimwita hivyo. Kwa hiyo kila walipomsukuma, yeye alijigamba zaidi. Hata mkinifunga macho, alisema. Hata mkiichanganya na mia nyingine, nitaijua kwa sauti yake tu.

Jumamosi moja mchana, katika stoo ya saruji ya Mama Marceline walimofanyia mazoezi, Zakari alisimama mbele yake na kusema polepole, kila neno na mahali pake.

“Mzee, leo tunaona ile mambo unasemaka kila siku. Weka besi chini. Ugeuke. Mi napiga moja, napiga ya pili. Weye utatuambia yako ni gani.”

“Leta kwanza nishike.”

“Hapana kushika! Kwa masikio tu. Si weye mwenyewe ulisema?”

Anaclet aliwaangalia. Mama Marceline alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji, Dan kwenye ngoma zake, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye. Kukataa kulikuwa ni kukiri. Akavua besi, akahisi baridi pale kifuani ilipokuwa imelala, akageuka.

Akasubiri. Mama Marceline aliangalia kucha zake. Dan alijikuna shingo. Baadaye Mama Marceline akainua kidole kimoja, maana yake, hiyo ilikuwa ya kwanza. Anaclet akatikisa kichwa kama mtu anayepima.

Akasubiri tena. Safari hii Mama Marceline alianza kuyumba kidogo, macho yakalegea. Dan akatabasamu, akajipiga paja, polepole, mwendo wa rumba. Moyo wa Anaclet ukaruka kwa furaha. Aliufuata mkono ule pajani, akaanza na yeye kutikisa bega, hata akafumba macho kidogo ili wamwone anavyonogewa. Mama Marceline alipoinua vidole viwili, Anaclet alikuwa tayari ameshika kiuno.

“Ya pili!” akasema. “Ile ya kwanza ni mbuzi, inalia tu. Ya pili njo yangu, mi naiyua. Ila uzi wa tano umelegea kidogo, Zakari. Ukaze.”

Dan aliinamisha uso. Ndipo Anaclet akageuka.

Zakari alikuwa amekaa kwenye kiti, viganja vyote viwili vimejaa karanga, anatafuna. Besi zote mbili zilikuwa zimeegemea ukuta. Waya zilikuwa zimekunjwa juu ya amplifaya, na taa yake nyekundu haikuwaka. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa umeguswa.

“Ukaze!” ilisema midomo ya Zakari. “Anasema niukaze!” Akainama kwa kicheko mpaka karanga zikamwagika sakafuni. Anaclet alikiona kicheko kile, meno na ulimi, na kutokukisikia hakukumsaidia chochote. Aibu haihitaji masikio.

Mama Marceline akashuka kwenye mifuko. Akaja mpaka mbele yake, akamshika kidevu, akafungua mdomo wote. Hata kabla neno la kwanza halijaundika, Anaclet alikuwa ameshajua. Hakuna mtu duniani aliyesema naye namna ile isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemfundisha huyu. Kikulacho ki nguoni mwako.

“Papa Anaclet,” Mama Marceline akasema, “hatuikatae besi yako. Iko muzuri kupita ile mupya. Batu ba Kipushi banaipenda sana. Lakini ni ya orkestra, bwana yangu njo aliinunua ku Kitwe, unayua. Itabaki. Ni weye njo hatuwezi tena. Ile mupya tunakupatia, ni cadeau yako. Uende nayo.”

Miezi mitatu alikuwa anailinda besi isifukuzwe, kumbe anayefukuzwa ni yeye. Walimwekea ile nyekundu kwenye kiti ili waone kama ataweza kuipiga, na kila alipoikataa alikuwa anajisainia barua ya kufukuzwa.

“Nani atapiga?” akauliza.

Mama Marceline akanyoosha mkono mlangoni. Akaingia Princesse, binti wa Anaclet na Edith, miaka ishirini na mitatu, mpiga besi wa kwaya ya parokia. Anaclet mwenyewe alimfundisha tangu akiwa na miaka tisa, amempakata, mgongo wa mtoto kifuani mwake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amekataa kuwemo ndani wakati wa ule mchezo, lakini hakuwa amekataa kuja.

“Baba,” alisema, akimwelekea uso kwa uso, “mama njo alisema nikuye. Juu franga isitoke mu nyumba. Sikuyua batakufanyia hivi. Haki ya Mungu, sikuyua.”

Anaclet alimwangalia akiichukua besi kuukuu kwa mikono miwili. Mkanda ulikuwa mrefu mno kwake, kwa hiyo Zakari akatoboa tundu jipya kwenye ngozi kwa msumari, kazi ya dakika moja. Dan akawasha amplifaya. Princesse akaanza.

Anaclet akasogea, akaweka kiganja juu ya spika. Mtikisiko ukapanda mkononi hadi begani, na mkono ukamweleza ukweli ambao asingependa kuelezwa. Mtoto hakukosea mahali. Uzi wa tano ulishuka kwa wakati wake, mzito, bila haraka, na kati ya noti na noti aliacha nafasi, kitu ambacho Anaclet hakuwahi kumfundisha kwa sababu yeye mwenyewe hakukiweza. Akamwangalia Mama Marceline. Mama Marceline alikuwa amefumba macho kabisa, na safari hii hakuwa anaigiza. Zakari aliacha kutafuna.

Princesse aliposhika nyuzi kuzinyamazisha, hakumtazama mwenye orkestra. Alimtazama baba yake, na mkono wa baba yake uliokuwa bado juu ya spika.

“Baba, iko je?”

Angeweza kusema lolote. Angeweza hata kuitikia kwa kichwa tu, na hilo lingetosha maisha yake yote.

“Bidole uko nabyo,” Anaclet akasema. “Masikio njo hauna. Na yale, mama yangu, hayafundishwe. Hautakuwaka mupiga besi.”

Zakari akapasuka. Kiziwi anamwambia mwenzake hana masikio! Dan naye akacheka, hata Mama Marceline akaficha mdomo. Princesse hakucheka. Yeye alikiona kiganja kwenye spika, na katika miaka kumi na minne mtu huyu hakuwahi kumdanganya kuhusu muziki hata mara moja. Anaclet aliliona neno likimwingia, likishuka, likipata mahali pa kukaa. Akafurahi. Sitamtetea, alifurahi.

Princesse alivua mkanda, akailaza besi juu ya mifuko ya saruji, akatoka.

Jumamosi iliyofuata orkestra ilikwenda Kipushi na Rachid, kijana waliyemtafuta mtaa wa Naviundu. Rachid alilalamika kwamba besi inazomea mgongoni, wakaipeleka kwa fundi seremala akang'oa kile kibati, akaziba ufa kwa gundi. Watu wa Kipushi walicheza mpaka viatu vikaisha. Hakuna aliyeuliza Papa Basse yuko wapi.

Nyumbani, besi nyekundu iliegemea kabati, bado iko kwenye mfuko wake. Franga ile, pesa ambayo kwa ajili yake Edith aliiuza siri ya mumewe, haikuingia, wala ya baba wala ya binti. Jumapili baada ya misa Princesse alikwenda kumwambia padri kwaya itafute mpiga besi mwingine, akarudi, akakaa bila kula. Edith alimwangalia, akamwangalia mumewe. Akamkalisha Anaclet kwenye kiti, akamshika kidevu, akafungua mdomo wote, na sasa alikuwa anapiga kelele kweli, maana majirani walitoka milangoni.

“Ulimuambia mutoto nini? Mu-to-to! Ulimuambia nini? Umuambie ulikuwa unamudanganya! Umuambie!”

Princesse alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, anangoja.

Anaclet aliitazama midomo ya mkewe mpaka ilipofunga. Alikuwa ameelewa kila neno.

“Sisikii,” akasema.