Mbabula ya Midomo Miwili

Mtu wa kwanza kupeleka akili yake kwa Musyu Gaston alikuwa Zéphirin wa Lusangi, na alipeleka suruali. Ilikuwa suruali ya kaki kama nyingine zote, isipokuwa matakoni alishona mfuko na kuushindilia pamba. Zéphirin alilima pamba kwa amri ya serikali, kama wenzake wote, na kila msimu mzigo wake ulipopungua kwenye mizani alilazwa kifudifudi mbele ya watu akachapwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Sasa pamba ile ile iliyomponza ndiyo aliyotaka imkinge. Musyu Gaston alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatupa jicho upande wa ofisi ya serikali, kicheko kikamkauka, akamwambia Zéphirin arudi kwao upesi na suruali yake asimwonyeshe mtu.

Ilikuwa hivi. Musyu Gaston alikuwa na duka hapa Kasongo, na shemeji yake alikuwa na kiwanda cha vyombo vya chuma huko kwao Ubelgiji. Shemeji huyo alikuwa na tabia ya kutuletea vitu ambavyo yeye, akiwa amekaa kwenye baridi yake, aliona tunavihitaji. Mwaka mmoja alileta glavu za sufu. Kasongo! Kwa jua hili! Hata mapadri, ambao walikuwa wakipokea chochote cha bure, walizikataa. Ndipo Musyu Gaston akachoka, akamtuma karani wake Emile atangaze sokoni: mwenye kitu alichokibuni mwenyewe akilete, kikifaa kiwanda kitakitengeneza kwa wingi, na jina la mwenyewe litapigwa chapa kwenye chuma, lisomwe toka Kasongo mpaka Kabambare. Malipo je? Hilo Emile hakulitangaza, na sisi tuliolijua duka lile hatukujisumbua kuuliza.

Basi watu wakaja. Amuri, mvuvi wa Nyangwe, alileta kofia ya bati, ya kuvaa njiani na ya kuchotea maji mtumbwi ukivuja. Aliivaa akitembea toka Nyangwe juani, na alipofika hakuweza kusema neno mpaka alipomwagiwa maji kichwani. Katekista Pierre alileta mwavuli wa kufunga mabegani kwa mikanda, ili mtu aendeshe baiskeli kwa mikono yote miwili. Akapanda baiskeli kuuonyesha, upepo ukaja, na mtumishi wa Mungu akaenda mtaroni na mwavuli wake. Tulicheka bila haya.

Ndipo ikaja zamu yetu, mimi na Yaya Subira.

Sisi tulikuwa wake wa mume mmoja, Assumani, fundi cherehani aliyeshonea barazani pa duka lile lile. Subira alikuwa mke mkubwa, ndiyo maana nilimwita Yaya, dada mkubwa; mimi mdogo. Mimi nina domo, na sikatai. Yeye alikuwa mtu wa mikono. Baba yake alikuwa mhunzi huko njia ya Wamaza, na kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume, Subira ndiye aliyemvutia mivuo na kumshikia koleo. Mume wetu alikuwa na jina zuri, ndevu nzuri na woga mwingi.

Masika yale makaa yaliadimika, na mbabula ya Subira, jiko lake la makaa, ikatoboka chini kwa kutu. Mke mwenza hapikii moto wa mwenzake, kila mmoja ana jiko lake na chuki zake. Lakini nikimnyima moto ningesemwa mji mzima, kwa hiyo nikamwambia aje. Alitazama mbabula yangu, akatazama sufuria zetu mbili. Kesho yake alipata pipa la petroli lililotupwa, akalikata, akaligonga, akatoa mbabula ambayo sijapata kuiona popote: tumbo moja la moto, na juu yake midomo miwili, huku sufuria yake, huku yangu.

Siku ya kwanza wali wangu uliungua na samaki wake akabaki mbichi, maana moto ulikuwa ukilalia upande mmoja tu. Nilipiga kelele, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Yaya, weka bati pale katikati, lenye mkono wa kusukuma. Wali ukitaka moto kidogo, unalisukuma huku. Samaki akitaka moto mkali, unalivuta kule." Akaliweka. Toka siku ile wali wangu ulikuwa ukijipika taratibu upande huu, na mafuta ya mawese yanachemka upande ule, kwa makaa nusu ya yale ya zamani. Kugombania bati hatukuacha. Ila sasa tulikuwa tukigombana tumeshiba.

Assumani aliibeba mbabula mpaka dukani, tukapika juu yake pale pale uwanjani, wali na samaki. Musyu Gaston alikula, akaongeza, akalisukuma bati huku na kule kwa kidole kama mtoto aliyepewa gari la kuchezea.

"Hii!" akasema. "Hii ndiyo kitu!"

Bahati mbaya padri wa misheni alikuwa akipita kununua misumari. Akasimama, akatazama midomo miwili, akatutazama wake wawili, uso ukamwiva.

"Gaston, hii mbabula iko ya watu wa wake wawili!"

"Hapana, Mupe. Iko ya sufuria mbili."

"Leo sufuria mbili, kesho wake wawili!"

Musyu Gaston aliona mambo yanaharibika. Wakati ule serikali ilikuwa imemshikia bango kila mwanamume mwenye wake wengi, mke wa pili akilipiwa kodi yake peke yake, kana kwamba mimi ni duka. Basi akatafuta njia ya katikati. Mbabula itakwenda Ubelgiji na midomo yake yote, akasema, lakini chapa itabeba jina moja tu, la mtu mmoja, ili padri alale usingizi.

"Jina gani?" akauliza.

"Assumani," akajibu mume wetu, kabla sisi hatujavuta pumzi.

Assumani! Mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuwasha moto, ambaye akiona moshi anauliza nini kinaungua!

Nyumbani nilimpokea kwa mdomo ulio wazi. Nilimtukana mpaka majirani wakaleta viti. Subira alikaa kwenye kigoda chake akikwangua masizi ya sufuria kwa mchanga, akakwangua mpaka sufuria ikang'aa, na bado akawa anakwangua. Nilipoishiwa na maneno nikaenda kukaa karibu naye.

"Yaya, sema kitu. Mutukane na weye."

"Nitamutukana sababu gani?" akasema. "Mama Hemedi, sikia. Weye uko na watoto. Watu wanakuita kwa mutoto wako, na siku ukifa, Hemedi ataomba dua, atasema, mama yangu. Mimi nikipita sokoni wanasema nini? Ule bibi wa Assumani. Wa Assumani, kama cherehani. Siku nitakufa, jina langu litakufa siku ile ile. Nilisema moyoni, haizuru, litabaki kwenye chuma."

Niliona uchungu, na sitauficha. Miaka yote niliyoishi na mwanamke yule nilidhani uvumilivu wake ni majivuno ya mke mkubwa. Kumbe alikuwa akibeba kitu hicho kifuani kila siku, huku mimi nikimpitishia watoto wangu mbele ya macho.

Lakini na mimi ni mtu. Nikasema, "Na bati je?"

"Bati iko akili yako. Nani alikatala?"

"Watu hawatajua."

"Ndiyo," akasema. "Hawatajua."

Kisha nikakubali, kwa shingo upande: jina liwe Subira. Tukafunga neno. Toka jioni ile hapakupikwa kitu kwa Assumani, kwangu wala kwake. Alikwenda kula kwa dada yake, dada akamwuliza ana wake wangapi. Alikwenda kwa rafiki yake, mke wa rafiki akamwekea muhogo bila mboga, maana habari ilikuwa imeshafika. Mwishowe akaja mlangoni na kofia mkononi.

"Mutafurahi," akasema. "Ninaenda kwa Musyu, nitatoa jina yangu."

"Na utaweka ya nani?" nikamwuliza.

"Ya Subira."

"Apa."

Akaapa. Akaenda. Akarudi akasema, "Imekwisha." Tukampikia, akala kama aliyetoka jela.

Miezi ikapita. Mvua ikakatika, ikarudi. Subira alibadilika. Alikuwa akiimba akitwanga, na akapunguza kunisema kuhusu chumvi. Siku moja nilimkuta amemwita Emile ukumbini, anaoneshwa jinsi jina lake linavyoandikwa, anaichora ile S kwenye vumbi kwa kijiti, anaifuta kwa kisigino, anaichora tena. Mimi nilijifanya sikuona, kwa sababu ningeona ningelazimika kucheka, na sikutaka kucheka.

Kisha masanduku yakafika.

Musyu Gaston aliyafungulia uwanjani siku ya soko, ili kila mtu aone. Amuri alikuja toka Nyangwe bila kofia. Zéphirin alikuwapo, amesimama bila maumivu ingawa mizani ya pamba ilikuwa imepita, nikaiamini suruali yake. Padri hakuja, lakini alimtuma mpishi wake atazame. Ile mbabula ya pipa, ya mikono ya Subira, ilikuwa imerudishwa pamoja na mzigo, na Musyu aliiweka juu ya meza, nyeusi na imepinda upande. Subira alivaa kitenge chake cha Idi. Alisimama mbele kabisa, mahali ambapo siku zote husimama mimi.

Emile akang'oa mbao, akatupa nyasi kavu, akainua mbabula ya kwanza. Ee! Chuma kizito, cheusi, kinang'aa, midomo miwili mviringo, bati la kusukuma lenye kishikio cha mbao. Na kifuani herufi zimenyanyuka, mtu angeweza kuzisoma kwa kidole. Emile akazisoma kwa sauti, moja moja, kama mtu anayeita majina ya shule.

"A. Z. I. Z. A. Aziza."

Aziza ni mimi. Ndilo jina nililopewa na baba yangu.

Niseme ukweli, roho yangu iliruka. Jina langu, kwenye chuma cha Ulaya, lizagae nchi nzima! Kwa muda wa kufumba na kufumbua nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Maniema. Na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa kigelegele, kirefu, safi, na aliyekipiga alikuwa Subira.

Nikamgeukia Assumani. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Uliapa," nikamwambia.

"Nilifika pale, nikaogopa," akasema polepole. "Nilisema moyoni, nikiweka Subira, weye utanikula. Nikamupa Musyu majina yenu mawili, nikamwambia achague yeye mwenyewe."

Musyu Gaston, ambaye hakuelewa lolote, akatikisa kichwa kwa furaha. "Aziza, ndiyo! Aziza iko na herufi tano. Subira iko na sita. Chuma iko bei!"

Herufi moja. Mwanamke alikuwa amechora jina lake vumbini miezi mizima, likashindwa kwa herufi moja. Nilitaka kumtwanga mtu, na sikujua nianze na yupi.

Subira alikuwa tayari ameikumbatia ile mbabula ya pipa, ameitoa mezani. Alikuwa akiirudisha nyumbani. Masizi yalikuwa yamekipaka kitenge chake cha Idi, na hakuyatazama. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha mtu yeyote mwenye mzigo, wakiendelea kusukumana waione mpya.

Hapo mwanamke mmoja wa Wamaza, ambaye alikuja sokoni na kapu la karanga na hakutujua hata mmoja, akasogea, akaipapasa chapa kwa kiganja.

"Aziza," akasema. "Huyu Aziza iko nani? Ninataka kumuona kwa macho."

Emile akaninyooshea kidole. Watu wote wakanigeukia.

"Hapana," nikasema. "Emile amekosea. Mimi ni Mama Hemedi. Ulizeni mutu yeyote hapa: nani amewahi kuniita jina lingine tangu nilizaa? Aziza ni yule pale, mwenye mbabula mikononi."

Assumani akafungua mdomo. "Lakini kwenye kitabu cha serikali..."

"Funga," nikamwambia. "Kitabu cha serikali hakipiki."

Wanawake wa Kasongo si wajinga. Walimtazama Subira, wakanitazama mimi, na hakuna hata mmoja aliyepinga. Bibi mmoja wa nyuma, mwuza ndizi, akaita kwa sauti, "Aziza! Rudi, mama, watu wanakutafuta!"

Subira alisimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa, na alinitazama mimi tu, kwa muda mrefu, akitafuta kama namdhihaki. Nilimtikisia kichwa tu: njoo.

Akaja. Akaiweka mbabula yake ya pipa kando ya ile ya Ulaya. Mwanamke wa Wamaza akamwuliza, "Ni weye?"

"Ni mimi," akasema. Kisha akainua sauti, yeye ambaye hakuwahi kuinua sauti, mpaka wauza samaki wa mwisho wakasikia. "Ni mimi Aziza, ni mimi nilifanya hii mbabula. Lakini muangalie hii bati ya kusukuma. Hii bati haikutoka kwangu. Hii bati iko akili ya Mama Hemedi."