Misumari Iliyosimama

Pastor Mbuvi ndiye aliyeipenda ile pasheni kwanza. Katikati ya ua la pasheni mna vijiti vitatu, na kanisani kwetu Nunguni tunaviita misumari ya Yesu. Kwa pasheni nyingi misumari hiyo huinama. Kwa mche mmoja pale kanisani ilisimama wima, kama imetoka kuchongwa.

"Hii ndiyo yenyewe," pastor akasema.

Ndugu yangu Muthama akang'oa pasheni zake zote, akanituma nipande vipande vya ile ya kanisani mteremko mzima. Nikapanda. Nilikuwa nikiishi kwake, katika boma la baba yetu, tangu mume aliponirudisha kwa kukosa mtoto. Jembe ndilo lililonipa pa kulala.

Mwaka wa pili maua yalijaa hadi watu wakaja kupiga picha. Tunda, hata moja. Maua yalifunguka asubuhi, yakajifunga mchana, kesho kutwa yako chini.

"Kwani ni nani alipanda?" majirani wakauliza, na wanajua.

Nikaketi na maua hayo asubuhi tatu. Wale nyuki weusi wakubwa, wanaotoboa boriti za paa, walikuja kwa wingi. Walijipenyeza chini, wakatoka na vumbi la njano mgongoni. Misumari ilikuwa juu, haikuwagusa. Nikaenda nyuma ya choo, kwenye mche wa zamani ambao Muthama alisahau kuung'oa. Pale misumari iliinama ikamsugua nyuki mgongo, na matunda yalining'inia.

"Muthama, nyuki anapita uvunguni, msumari uko darini. Watazaaje?"

"Sasa unalaumu nyuki?"

"Silaumu nyuki. Nalaumu msumari."

"Msumari wa Yesu, Kaveke?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kujuana.

"Jumapili njoo na pastor," nikasema. "Nitafanya kazi ya nyuki mwenyewe. Maua yakishika tunda, nabaki. Yakianguka, nafunga nguo zangu."

Nilisema nikicheka. Muthama hakucheka. "Umesema wewe."

Jumapili wakaja. Nikachota vumbi la maua kwa kidole, nikapaka misumari ya maua kumi, kila moja nikalifunga uzi mwekundu. "Mnaona mabibi arusi wangu?" nikamwambia pastor. Akaangalia viatu vyake.

Jumatano maua yote kumi yalikuwa chini, na nyuzi zake.

Baadaye afisa wa kilimo kule Kambu aliniambia kwamba ua lililosimama namna ile mara nyingi lina kasoro hata ndani. Ulipake vumbi usilipake, halishiki. Kambu ni mbali, na Jumatano ile sikuwa na afisa. Nilikuwa na mkono wangu tu.

"Umeona?" Muthama akasema. "Ni huo mkono. Mkono mkavu."

Mkewe Ndila alikuwa amekaa mlangoni, mimba ya miezi saba, anafyonza pasheni. Hamu yake yote ilikuwa hiyo.

"Wifi, tamu?" nikamuuliza.

"Tamu sana."

"Imetoka nyuma ya choo?"

"Si ni ile ya zamani."

"Niliipanda mimi, mwaka niliorudishwa. Kwa mkono huu huu."

Ndila akaacha kufyonza. Nikamtazama Muthama, nikafikiri nimemshika. Kumbe Ndila alikuwa akiangalia tumbo lake. Akatema mbegu kiganjani, akaanza kulia.

"Umemlisha mke wangu nini?" Muthama akauliza, taratibu. Akaingia ndani, akatoka na panga, akaelekea nyuma ya choo.

Nilifunga nguo zangu. Hazikuwa nyingi. Nilipopita pale, mche ulikuwa chini, shina limekatwa vipande, matunda mabichi yamepondwa kwa kisigino. Ua moja lilikuwa bado wazi. Nyuki mweusi akaja akajipenyeza, na misumari ikainama ikamgusa mgongo, sawasawa kabisa.