Kikapu cha Kwanza Ukumbini kwa Kessinger

Wachezaji walikuwa bado wanafuta jasho la mazoezi pale mzee mmoja alipoingia bila hodi, buti zimejaa theluji, akakanyaga sakafu mpya.

"We mzee, buti hizo!" Darcy alimaka. "Unataka Kessinger atuue?"

"Hawezi," mzee akajibu, akivua kapelo. "Kessinger ni mimi."

Wenzake Darcy waliangua kicheko. Delmar Kessinger, tajiri wa chakula cha nguruwe, ndiye aliyekijengea chuo ukumbi huu wa mpira wa kikapu. Alileta ombi moja tu: kesho, kwenye ufunguzi, kikapu cha kwanza akifunge mjukuu wake, Brynn, mchezaji wa mwaka wa kwanza. Wapiga picha wameshaitwa.

"Mmesikia," Kocha Ruud alisema mzee alipoondoka. "Mpira ni wa Brynn mpaka afunge. Mwenye kichwa kigumu atakaa benchi, na watu wa timu za kulipwa wanaokuja kusaka wachezaji watamtazama akiwa amekaa. Darcy, nasema na wewe. Huu ni mwaka wako wa mwisho."

Katika mji ule mashabiki hawakai mpaka timu yao ifunge kikapu cha kwanza. Na Bibi Marlys, jirani aliyemlisha Darcy supu ya maharage na mikate ya mdalasini tangu alipofika chuoni, hakuwahi kukaa kabla ya wakati, ingawa magoti yake yalikuwa yamekwisha. Katika ukumbi wa zamani alikuwa na kiti cha mbele, lakini hapa viti vya mbele vilikuwa vya wafadhili. Yeye alipandishwa juu, karibu na dari.

"Kesho ukae tu, bibi," Darcy alimsihi jioni ile.

"Nikae kama mgeni? Thubutu!"

"Basi nitafunga mapema. Nakuahidi."

"Ufunge kweli. Magoti haya hayashibi maneno."

Siku ya mchezo Darcy alimpa Brynn mpira. Brynn akakosa. Darcy akampa tena, mpira ukagonga chuma. Walipopata mpira tena, Brynn akamrudishia, machozi yakimlengalenga.

"Piga wewe, dada. Mimi nimeshindwa."

"Mpe Brynn!" Kocha alifoka.

Darcy akainua macho. Wafadhili wa mbele walikuwa wameshakaa zamani, isipokuwa Kessinger, aliyesimama akitafuna ukingo wa kapelo yake. Kule juu Bibi Marlys alikuwa ameinama juu ya reli kama nguo iliyoanikwa. Lakini amesimama.

Darcy akaruka, akapiga. Wavu ukacheza.

Ukumbi mzima ukakaa kwa mshindo mmoja.

"Toka nje!" Kocha alipiga kelele. "Toka, na usiniulize utarudi lini!"

Darcy hakuuliza. Alitembea kichwa juu, akapita mbele ya watu wa timu za kulipwa na viti vya ngozi vya wafadhili. Alipofika kwenye benchi alitazama tena juu. Bibi Marlys alikuwa amenyoosha miguu, akijisugua magoti.

Ndipo Darcy naye akakaa.