Kiti cha Nyuma

Watoto wangu ndio walionilipia. Blandina alipiga simu kutoka Dodoma akasema, "Baba, umewazungusha wageni maisha yako yote. Sasa na wewe zungushwa." Siku tatu, kambi ya mahema sita, nje kidogo ya hifadhi ya Tarangire. Nikajifanya nakataa, nikakubali. Tangu mama yao afariki, nyumbani Karatu naongea na kuku, na kuku wenyewe wamenichoka.

Wasichokijua watoto ni kwamba sikufuata tembo. Tembo nimewaona hadi basi. Miaka thelathini na moja niliendesha magari ya watalii humu, na kwenye redio madereva wenzangu waliniita Jongoo kwa sababu ya mwendo wangu. Nilipostaafu, jina lilibaki porini. Karatu mimi ni Mzee Gwandu tu. Nilikuja kumtafuta mtu mmoja, yeyote yule, wa kuniita Jongoo.

Binti wa mapokezi alinipa kitaulo cha uvuguvugu na glasi ya juisi ya ukwaju.

"Karibu sana, mzee wetu. Umeshawahi kuingia hifadhini?"

"Nimeendesha humu wewe hujazaliwa."

"Jamani, hongera zako babu!" Akanisogezea karatasi nitie sahihi kwamba sitatembea nje ya hema bila mlinzi.

Hema lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Kitanda cha watu wawili, mito sita. Mtu mmoja na mito sita! Mitano nikaipanga upande wa pili wa kitanda, kisha nikaona naanza kujiliza, nikaitupa kabatini.

Mchana walinitandikia meza ya mtu mmoja: kitambaa cheupe, ua kwenye chupa, supu ya boga. Nyuma ya jiko, kwenye banda la madereva, nilisikia vicheko na kunusa dagaa. Huko ndiko nilikokula miaka yote ile, maana dereva hali na mgeni. Nikaiacha supu, nikaenda. Walikuwa watano, vijana watupu, mikono kwenye sinia moja la ugali. Waliponiona walisimama wote kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni, kuleni. Mnanisogezea wapi?"

Hakuna aliyesogea. Mpishi alitoka jikoni mbio, akijifuta mikono.

"Samahani, mzee wangu, wageni hawaruhusiwi huku. Au supu ni mbaya, nikubadilishie?"

"Supu haina tabu."

"Basi twende, babu, itapoa."

Akanishika kiwiko, akanirudisha mezani. Nyuma yangu, bandani, vicheko vikaanza tena.

Ningeweza kuwaambia mimi ni nani. Sikusema. Nilitaka mmoja wao anitazame usoni aseme mwenyewe, huyu si Jongoo? Kiburi cha uzee hicho, na ndicho kilichonimaliza.

Asubuhi iliyofuata nilipewa dereva aitwaye Lohay, mmoja wa wale watano, kijana mpole wa kwetu Mbulu. Gari la viti saba, mgeni mmoja. Nilielekea mlango wa mbele, akaniwahi kwa kunifungulia wa nyuma. "Hapa ndipo unaona vizuri, mzee." Nikapanda. Saa nzima sikufungua mdomo. Penye njia panda ya mtoni alikata kushoto, mimi ningekata kulia, nikanyamaza vilevile. Nadhani kimya changu ndicho kilichomsahaulisha kuwa nipo.

Redio ikakoroma. "Kifaranga, Kifaranga, leo una wangapi?"

Lohay akachukua kipaza sauti. "Mmoja tu. Babu fulani hivi. Hasemi, haulizi, hata kamera hana. Naona wanawe wamemleta huku ili wapumue."

"Mpeleke kwa sharubu, labda ataamka!"

Wakacheka, sauti tatu nne. Sharubu ni simba. Tulimwita hivyo tangu enzi zangu ili wageni wasidake neno. Ndivyo kazi ilivyokwenda: mgeni nyuma, Kiswahili mbele, na mdomo wa dereva haukuwa na breki. Lohay alikuwa kwenye mazoea yake tu. Ghafla mkono ukamganda. Akanitazama kwenye kioo, akasimamisha gari.

Hasira ilinipanda, halafu ikashuka yenyewe, kwa sababu nilimkumbuka yule mama wa Kiholanzi, mwaka aliozaliwa Blandina. Alikuja peke yake, siku nne, kiti cha nyuma kama hiki. Nikamsema redioni kwamba nimebeba ajuza, mume kamkimbia, anaongea na pundamilia. Wenzangu waliangua vicheko hadi redio ikapiga mluzi. Nilipotazama kioo, mama wa watu alikuwa ananitabasamia. Nikawaambia wenzangu, "Hajui kitu huyu, anafurahi tu."

"Mzee," Lohay akaanza. "Mzee, nisamehe, mimi..."

"Nipe hiyo redio."

Akanipa bila ubishi. Nikabonyeza kitufe.

"Vijana, habari za asubuhi. Kuna anayemkumbuka Jongoo?"

Nikaachia, nikasubiri. Moyo ulinidunda kama wa kijana aliyepeleka posa. Kwenye magari yote yale, niliwaza, hatakosekana hata mmoja mwenye mvi.

"Jongoo nani?" ikauliza sauti.

"Mimi simjui," ikajibu nyingine. "We Kifaranga, babu kakunyang'anya redio? Hebu achieni njia, watu wanatafuta sharubu."

Wakacheka tena.

Lohay alinyoosha mkono taratibu, nikamrudishia kipaza sauti chake.

"Kwani Jongoo ni nani, mzee?" aliuliza kwa adabu, ile adabu tunayowawekea wageni.

"Dereva mmoja wa zamani. Alikuwa anakwenda polepole."

"Alishafariki?"

"Endesha, mwanangu. Simba ataondoka."

Akawasha gari. Kabla ya kuondoka alinitazama tena kwenye kioo, macho yamejaa aibu, akitaka kujua kama nimekasirika. Nikamtabasamia. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mama alikuwa ameelewa kila kitu.