Mpishi Aliyeshindwa na Mlaji Mmoja

Watoto mia mbili wa shule ya msingi walilamba sahani za mama huyu, mpishi wao, mpaka mwosha vyombo akakosa la kusugua. Maharage yake yakianza kunukia, mwalimu wa hesabu alifunga kitabu. Alijua hapo hata akifundisha kwa ngoma hasikilizwi.

Nyumbani sasa. Huko kulikuwa na mlaji mmoja tu, tena hana meno ya kutosha kujaza mdomo, naye ndiye aliyemshinda. Ni bintiye wa mwaka mmoja na miezi mitatu, ambaye kwa jinsi alivyokunja uso na kusukuma bakuli, nyumba nzima ilimwita Bosi. Boga la kupondwa, Bosi alitema. Yai alimgawia paka. Uji wa karanga alijipaka nyweleni. Mama akaimba, akapiga makofi, akabembeleza mpaka sauti ikakauka, na Bosi akamtazama kama anayesubiri mgeni aondoke.

“Mganga hajigangi,” mama mkwe alimtania kila jioni, na mpishi alicheka kwa adabu, kisha akaingia jikoni kufuta macho na kusingizia vitunguu.

Siku ya kliniki alichukua ruhusa kazini, akapanga foleni tangu alfajiri. Nesi alimpima Bosi, akampima tena. Miezi mitatu, uzito palepale. Akamuuliza anampa nini, na mpishi akataja vyote, mchicha na karanga na dagaa wa kusaga, mpaka nesi akasema chakula hakina kosa hata kidogo. Ila mwezi ujao uzito usipopanda, itabidi mtoto apelekwe hospitali kubwa. Mpishi aliitikia ndiyo, ndiyo, na njia nzima hakumwona mtu wala gari. Chakula hakina kosa. Basi mwenye kosa ni nani kama si mpishi?

Walifika nyumbani saa tisa. Mama mkwe alikuwa ameivisha wali, maharage na mchicha. Mpishi akamwekea Bosi bakuli lake dogo, akanyoosha kijiko. Bosi akageuza uso ukutani.

Siku nyingine angeanza kuimba. Leo hakuwa na wimbo. Tangu asubuhi hakutia kitu tumboni, na hilo halikuwa kawaida yake, maana mpishi wa sufuria kubwa hushiba kwa kuonja: kijiko cha kujua chumvi, kijiko cha kujua kama maharage yameiva, ukoko wa kujua tu. Alizoea kurudi nyumbani chakula kimemfika kooni. Hata siku za mapumziko alidonoa jikoni, amesimama, mwiko mkononi. Leo alikaa mkekani, akajipakulia sahani, akala kwa mkono, kama mtu aliyekata tamaa na dunia lakini si na maharage.

Bosi akageuka. Akatazama mkono ukienda mdomoni. Akatazama ukirudi. Akatambaa, akapanda paja la mama yake, akashika tonge lililokuwa njiani na kulivutia kinywani mwake. Akatafuna. Kisha akachovya vidole vitano vyote sahanini.

Mpishi akamkodolea macho.

“Usimwangalie,” mama mkwe alinong’ona. “Kula tu, mwanangu.”

“Mama, anakula.”

“Naona. Mwenzio leo ndiyo kwanza anakuona unakula. Siku zote unamkalia mbele na kijiko, wewe mwenyewe huonji hata punje. Hata mimi ningekuwa Bosi, ningedhani ni dawa.”

Mpishi alitaka kucheka, akajizuia asimshtue mtoto. Akainamisha uso, akajikatia tonge dogo, akala. Bosi akajikatia lake, kubwa kuliko mdomo, nusu ikaanguka kifuani na nusu ikafika. Mchicha ulimning’inia kidevuni. Mguu wa mama ulianza kufa ganzi chini ya kile kiuno chepesi, naye hakuthubutu kuusogeza. Alishiba, akaendelea. Alishiba kabisa, akaendelea bado, tonge moja moja, akitafuna polepole ili asimalize kabla ya mwenzake.

Mama mkwe akavuta sufuria, akaongeza upawa mmoja wa wali sahanini, upande wa mtoto.