Mdomo Usiosikia Kitu

Upawa ulikuwa umeshafika juu ya bakuli la baba mkwe. Mchuzi ulidondoka kutoka ukingoni, mzito, wenye rangi ya chai iliyokolea, na ndani yake kilielea kipande cha fuzi, chembamba kama ukucha. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko, mikono imelowa. Nilijua jambo ambalo walioketi mezani hawakulijua: moto wa chungu kile ulikuwa umelala, na huenda hakijaiva.

Fuzi ni mzizi wa milima yetu. Ukichemshwa mchana kutwa na nyama ya kondoo, huingiza moto mifupani, na mtu huvuka nao majira yote ya baridi mpaka mipichi itoe maua. Usipochemka vya kutosha, husimamisha moyo. Ndiyo maana katika siku ile iliyo fupi kuliko zote za mwaka, watu wanapokula fuzi, kila nyumba huwa na mwonjaji. Yeye huweka kipande ulimini, akatafuna, akasubiri. Ulimi ukifa ganzi, chungu hurudi motoni. Usipokufa ganzi, watu hula.

Kwa akina Luo, ukoo nilioolewa, mwonjaji alikuwa mama mkwe wangu. Aliushika upawa ule tangu mume wangu Shizhong hajazaliwa, na watu wa mtaa walikula nyumbani kwake bila kuuliza. Lakini tangu mavuno, wifi yangu Caiyun alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mama amechoka. Upawa uhame." Alipenda kuusema hata mbele ya wageni, huku akicheka, na mama mkwe hakuwa akicheka.

Mimi niliolewa vuli ile ile. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kusuuza mizizi mtoni, kule bondeni kwetu, pamoja na mama yangu, na huko hakuna anayekuuliza kitu. Nilikuja nyumba ya watu na sauti ndogo mno. Caiyun alinipa jina siku ya pili: Bubu Wetu.

Asubuhi ya siku hiyo ya fuzi nilitumwa kwa jirani kuchukua figili. Jirani alinikalisha, akanisimulia habari za mwanawe, nami sikujua namna ya kuaga. Niliporudi, jiko lilikuwa kimya. Makaa yalikuwa yamelala chini ya majivu na chungu kimetulia, hakina hata povu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, kiganja shavuni, macho ameyafumba. Taya lake lilikuwa likisaga kitu polepole.

Harufu niliijua. Ilikuwa pilipili ya ganzi. Kwetu mtu jino likimuuma huitafuna hiyo, na mdomo mzima hufa.

"Mama, ni jino?"

"Jino gani?" Alitema maganda kiganjani, akayatupa majivuni. "Chochea moto. Na huo mdomo wako, ambao siku zote umefungwa, leo usije ukaufungua."

Nilichochea. Moto ulilala muda gani, sikujua, na kumuuliza sikuthubutu. Mchana kutwa nilimwona akigeukia ukuta, mkono ukienda mdomoni. Jua lilipoinama na watu wakaketi, alichota kipande, akakiweka ulimini, akasimama wima mbele yetu sote. Nilimtazama nikiomba akunje uso, ateme, afanye lolote. Hata kaa la moto asingelisikia.

"Safi," akasema. "Kaeni vizuri."

"Mimina, mama watoto," alisema baba mkwe. "Magoti yangu yanalia tangu asubuhi."

"Baba, ukimaliza bakuli hilo tutakukuta juu ya paa," alisema Caiyun.

"Nitapanda na wewe mgongoni, tuone kama utaongea hivyo ukiwa huko."

Wakacheka. Nilimwita Shizhong, lakini sauti yangu ilizama katika kicheko chao, na yeye alikuwa akicheka na wenzake. Bakuli lilijaa, na la Shizhong baada yake. Baba mkwe alilikumbatia kwa mikono miwili, akainamisha uso kwenye mvuke.

Sikumbuki nilivyofika mezani. Nakumbuka joto la bakuli nilipolichomoa mikononi mwake, na mchuzi ukinimwagikia kifuani. Kwetu bibi harusi mpya haweki kitu mdomoni mpaka wazee washike bakuli la pili. Mimi nilitia vidole mchuzini mwa mkwe wangu, nikachomoa kile kipande na kukitia kinywani.

Caiyun ndiye aliyeanza. "Heee! Kumbe Bubu Wetu ana njaa! Kaka, humlishi mkeo?"

"Guizhi!" Shizhong alikuwa amesimama. "Una wazimu? Rudisha bakuli la baba!"

Mikono ya baba mkwe ilibaki vile vile hewani, imeshika bakuli ambalo halikuwepo.

Nilitafuna. Kwanza ilikuja ladha ya kondoo na tangawizi, tamu, nikaogopa kwamba nimekosea na nimejiaibisha bure. Kisha ncha ya ulimi ikaanza kutambaliwa na sisimizi. Wakaenea. Wakafika midomoni. Nilitema kiganjani, nikainua kichwa ili niseme, na ulimi haukuwa wangu tena.

"Uimi," nilisema. "Uimi wangu..."

Caiyun alicheka, kisha akaacha na kumtazama mama yake.

Wote walimgeukia mama mkwe. Angeweza kuimaliza shughuli kwa sentensi moja, na kila mtu angemwamini: huyu ni mtoto wa watu wa bondeni, ulimi wake haujazoea. Nilimwona akiitafuta sentensi hiyo. Midomo yake ilifunguka. Baba mkwe, kwa njaa yake, alikuwa tayari amevuta bakuli la Shizhong na kulifikisha kidevuni.

"Weka chini."

"Lakini si umeonja mwenyewe?"

"Weka chini, mzee! Nimeonja kwa mdomo usiosikia kitu. Tangu alfajiri natafuna pilipili, na moto ulilala mbele ya macho yangu." Sauti yake haikupanda. "Mtu asile."

Aliutua upawa mezani, karibu kabisa na mkono wa Caiyun. Caiyun aliurudisha mkono wake mapajani.

Kisha mama mkwe alinishika kiwiko, akanivuta jikoni, akaninywesha maji ya choroko ya kuua sumu na kunisukutulisha mpaka nikatapika. "Mjinga," alikuwa akisema, akinipiga mgongoni. "Mjinga mkubwa wewe. Ungeanguka hapo, ningemwambia nini mama yako?" Alipohakikisha kwamba moyo wangu unakwenda sawa, alikirudisha chungu motoni na kuongeza makaa mpaka jiko zima likawa jekundu. Kutoka mezani tulisikia baba mkwe akisugua magoti.

"Unasikia sasa?" Alinigusa mdomo wa chini kwa kidole.

Nilitikisa kichwa kukataa.

Alikisogeza kigoda chake karibu na changu, akageukia mwanga wa moto, akafungua kinywa na kulivuta shavu kwa kidole.

"Jino la nyuma," alisema kwa shida. "Tazama. Limekwisha?"

Niliinama, nikachungulia.